Je, wajua kwa nini "utukufu" wa Mungu kwenye Biblia asili yake ni uzito?

Jumapili moja sande skuli, kanisani kwetu upande wa Likoni, Mombasa, kabinti kamoja ka gredi ya nne kaliinua mkono tukiwa ndo tumemaliza kuimba. Kakauliza, "Ticha, utukufu ni nini hasa? Na kama Mungu anao tayari, mbona kila Jumapili twampa tena?" Nikamwambia ni ile nuru yake, ule mng'ao, tukaendelea na somo. Lakini swali lilinikaa moyoni wiki nzima, manake neno hili tunalitaja kwenye sala, kwenye nyimbo, mpaka kwenye stika za matatu, na jibu nililompa mtoto lilikuwa nusu tu.

Hebu tuanze na neno lenyewe. Kwenye Agano la Kale, pale Biblia yetu inaposema utukufu, Kiebrania mara nyingi kinasema kavod, na mzizi wake ni ule ule wa kuwa mzito. Mzito wa kilo kabisa. Mzee Eli, yule kuhani, alipoanguka kitini akavunjika shingo, 1 Samweli 4 yasema alikuwa mzee tena mzito, basi neno ni la mzizi huo huo. Moyo wa Farao uliokuwa mzito, huo huo. Hata ini Kiebrania chaliita kaved, yaani kile kizito. Na ukiendelea kidogo tu kwenye sura hiyo hiyo ya Eli, mkwewe anazaa mtoto siku ya msiba, sanduku la agano limetekwa na Wafilisti, anampa mtoto jina Ikabodi, akisema utukufu umeondoka katika Israeli. Ukisoma kwa sikio la Kiebrania ni kama asema uzito umetutoka, tumebaki watupu.

Sisi nasi twalijua hili bila kufundishwa na mtu. Twasema fulani ni mtu mzito na wala hatuongelei mwili wake, akiingia barazani watu wanapunguza sauti, akisema neno linatua. Twasema maneno mazito, ushahidi mzito. Kwa hivo mie naona Mswahili yuko karibu sana na maana hii, shida ni kwamba neno letu utukufu limetokana na kutukuka, yaani kuinuliwa juu, basi akili inaenda juu mawinguni moja kwa moja na ule uzito tunausahau.

Nilikuja kuuona kwa macho yangu nikiwa kwenye feri. Kama wavuka Likoni wajua, kuna wakati feri inasubiri kwanza meli kubwa ipite kuingia bandari ya Kilindini, na watu wote mnasimama mnaitazama. Siku hiyo zilipita mbili. Ya kwanza ilikuwa inatoka, haina mzigo wa maana, imekaa juu juu, ile rangi nyekundu ya chini imetokeza yote mpaka waona matope na magamba yaliyoganda. Ya pili ilikuwa inaingia na shehena yake na ile rangi nyekundu karibu huioni kabisa, imezama chini, yaja polepole, na maji ya mlango mzima yakawa yanasukumwa pembeni, hata feri yetu ikaanza kucheza. Haikupiga honi wala nini. Ilikuwa tu imebeba, na bahari yenyewe ikapisha. Nikasema moyoni, kavod ndio hii.

Sasa turudi kwa swali la mtoto, twampa wa nini kama anao? Angalia amri ya tano, waheshimu baba yako na mama yako, Kutoka 20:12. Lile "waheshimu" kwa Kiebrania ni kitenzi cha mzizi huo wa uzito, yaani wape uzito, usiwachukulie wepesi. Na neno la kinyume chake, la kudharau na hata kulaani, mzizi wake ni wepesi. Ukimjibu mamako hovyo hujampunguzia umama wake hata chembe, umempima vibaya tu. Ndivyo ilivyo kwa Mungu. Madereva wa treila wanaipita mizani ya Mariakani kila siku, na ile mizani haiongezi hata kilo moja kwenye mzigo, yenyewe yasoma tu kilichomo. Kumtukuza Mungu ni hivo, sisi ndo mizani, na mizani inaweza kuharibika. Unakuta mtu hela imepewa uzito wote, maneno ya watu yamepewa uzito wote, na Mungu anasoma gramu kadhaa za Jumapili asubuhi. Nadhani ndio maana Isaya 42:8 Mungu akasema utukufu wake hatampa mwingine. Wengine hapo wanasikia wivu au majivuno, mie nasikia tu kwamba Mungu hakubali vipimo vya uongo, kwa sababu anayeumia na kipimo cha uongo ni yule anayekitegemea.

Na ile nuru je? Ipo, sikumdanganya mtoto. Sinai kulikuwa na wingu na moto, uso wa Musa uling'aa, wachungaji wa Bethlehemu waliangaziwa usiku. Lakini Kutoka 33 Musa alipoomba, "Nakusihi unionyeshe utukufu wako," Mungu alimjibu kwamba atapitisha wema wake wote mbele yake. Wema! Musa kaomba utukufu, kajibiwa wema na rehema, na jina la Bwana likatangazwa. Nuru ni ile unayoiona nje, mzigo wenyewe uliomo ndani ni vile Mungu alivyo. Na ile hema ya kumwabudia Mungu jangwani ilipokamilika, Kutoka 40 yasema utukufu ukaijaza maskani hata Musa mwenyewe akashindwa kuingia. Neno maskani tumelipata kwa Kiarabu, na Kiebrania chake ni mishkan, mzizi mmoja, ndugu kabisa, maana yake pahali pa kukaa. Ile ile maskani ambayo vijana wetu wanaitumia kwa pahali wanapokaa jioni kupiga stori. Mungu mzito hivo alitaka kukaa pahali pamoja na watu.

Paulo, Myahudi aliyeyajua haya yote, kwenye 2 Wakorintho 4:17 aliandika Kigiriki ambacho neno kwa neno ni uzito wa utukufu, akauweka upande mmoja wa mizani na upande wa pili akaweka dhiki, akaiita nyepesi. Mie mstari huo nausoma kwa woga. Johann Ludwig Krapf, mmishenari Mjerumani, alifika Mombasa 1844, na Julai mwaka huo huo akamzika mkewe Rosine na mtoto wao mchanga, kaburi liko ng'ambo huko Nyali mpaka leo. Mwaka huo huo akaanza kutafsiri Mwanzo kwa Kiswahili. Huwezi kumwendea mtu kama huyo ukamwambia dhiki yako nyepesi. Paulo pia hakusema dhiki haina uzito, aliyekuwa amepigwa na kufungwa hawezi kusema hivo, alisema upande wa pili una kitu kizito zaidi.

Jumapili iliyofuata nilichora meli mbili ubaoni, moja juu juu, moja imezama, nikauliza ipi imebeba. Wote wakanionyesha ya pili. Yule binti akakaa kidogo, halafu akauliza, "Na Yesu alipokuja, alikuwa meli gani?"

Nikawafungulia Isaya 53, yule aliyedharauliwa wala hatukumhesabu kuwa kitu. Watu walimwona mtupu, seremala wa Nazareti, hana jina hana mali. Halafu tukaenda Yohana, aliyesema Neno akafanyika mwili akakaa kwetu, na hapo Kigiriki ni kama kusema alipiga hema, ile maskani tena, nasi tukauona utukufu wake. Tukafungua mpaka sura ya 13. Yuda amepokea tonge, ameinuka, ametoka kwenda kumuuza, na Yohana akaandika kwamba ulikuwa ni usiku. Mlango ndo umefungwa tu, na Yesu akasema, "Sasa ametukuzwa Mwana wa Adamu."