Kipimo cha dakika 15 kabla ya kupanda ndege

Kenya ilipozirejesha ndege za abiria za kimataifa tarehe 1 Agosti 2020, baada ya kuzisimamisha tangu mwishoni mwa Machi kwa sababu ya UVIKO-19 (COVID-19), wageni wengi waliotua walitakiwa kuonyesha cheti cha PCR, yaani kipimo cha maabara cha ugonjwa huo, kilichofanywa ndani ya saa 96 kabla ya safari. Nchi nyingine zilitaka saa 72. Hebu tuzifikirie hizo saa. Mtu anapimwa Kisumu Jumatatu asubuhi, anapanda basi la usiku hadi Nairobi, analala kwa jamaa siku mbili, anapitia msibani, na Alhamisi anafika uwanja wa ndege na cheti safi. Cheti hicho kinaeleza hali yake ya Jumatatu tu.

Ndiyo maana sisi tunaofanya kazi ya maabara tunakithamini kipimo cha haraka cha antijeni, kile cha dakika 15. PCR ni kali zaidi, kwani huzidisha chembe za urithi za kirusi mpaka kidogo kionekane, lakini huweza kunasa hata masalia kwa mtu aliyepona wiki kadhaa nyuma. Kipimo cha haraka hutafuta protini ya kirusi chenyewe, na mstari wa maambukizi hutokea kwenye kifaa hasa virusi vinapokuwa vingi puani. Siku hizo ndizo mtu anapowaambukiza wenzake kwa urahisi. Akipimwa saa chache kabla ya kupanda, tunapata jibu la leo.

Hata hivyo jibu hilo lina mipaka. Shirika la Afya Duniani lilitaka kipimo kama hiki kiwanase angalau asilimia 80 ya walioambukizwa, na kiwape asilimia 97 ya wasioambukizwa jibu sahihi. Chukua abiria 1,000, kumi kati yao wakiwa na kirusi. Kipimo kitawanasa wanane, wawili watapita. Katika wale 990 wazima, takriban 30 wataonyesha mstari bila kuwa na maambukizi. Kwa hiyo watu 38 watatengwa, na wengi wao ni wazima! Hapo ndipo PCR inapohitajika, kuthibitisha majibu ya hao wachache badala ya kuwachelewesha wote elfu. Na kwa sababu ya wale wawili waliopita, barakoa ibaki usoni ndani ya ndege, na msafiri apimwe tena siku chache baada ya kufika.

Kuna jambo linalosahaulika sana huku kwetu: joto. Vifaa vingi vya aina hii huhifadhiwa kati ya nyuzi 2 na 30. Katoni ikiachwa ndani ya gari lililoegeshwa juani Kisumu saa nane mchana, sina imani na majibu yake. Vilivyotoka kwenye friji navyo viachwe vifikie joto la chumba kabla pakiti haijafunguliwa. Ukitia matone, soma jibu ndani ya muda ulioandikwa kwenye karatasi ya maelekezo. Ukichelewa, mstari hafifu unaweza kujitokeza wenyewe. Mstari wa C, unaoonyesha kwamba kifaa kimefanya kazi, usipoonekana, jibu halipo, hata kama wa T, ule wa maambukizi, umeonekana. Rudia kwa kifaa kipya.

Malaba na Busia, kwenye mpaka wa Kenya na Uganda, zilitufundisha mengine. Mwaka 2020 madereva wa malori walisubiri majibu ya PCR kwa siku kadhaa, wakila na kulala pamoja kwenye foleni, yaani kusubiri kwenyewe kukawa njia ya kuambukizana. Januari 2022 Uganda ilipodai kila dereva apimwe kwa dola 30, madereva waligoma na barabara ikajaa malori.

Kwa hiyo abiria anayekutwa na mistari miwili asiaibishwe mbele ya foleni. Apelekwe chumba chenye hewa, apewe barakoa, sampuli ya PCR ichukuliwe hapo hapo, na tiketi yake isogezwe bila faini. Anayejua kwamba kukiri kuwa na homa kutamgharimu nauli nzima atameza panadol na kupita.