Homa ya ini sugu: hilo "sugu" lina maana gani?

Mwezi huu nimelisikia mara ya tatu, safari hii kwenye meza ya nyanya soko la Majengo, hapa Dodoma. "Mdogo wangu kapimwa, wamemkuta na homa ya ini C, tena sugu. Basi tena." Tuliokuwepo tukampa pole kama tuko msibani.

Homa ya ini C ni ugonjwa wa virusi wanaoshambulia ini na kuambukizwa kwa damu. Wakikaa mwilini zaidi ya miezi sita, unaitwa sugu. Maana ni hiyo tu.

Tatizo ni neno lenyewe. Sugu ni ile ngozi ngumu inayoota kiganjani mwa anayeshika jembe kila siku. Waulize wakulima wa zabibu wa Hombolo. Ni ndugu wa kusugua. Haioti kwa siku moja, kwa hiyo ndani yake mna muda. Baadaye tukawapa watu: mhalifu sugu, mdaiwa sugu, asiyesikia la mtu. Kisha tukaanza kuonywa juu ya usugu wa dawa, yaani vimelea ambavyo dawa haiviui tena. Ndiyo maana daktari akitamka "sugu" kwa maana ya muda, mgonjwa anasikia kwamba dawa imeshindwa kabla hata hajaimeza.

Na C sugu inapona! Vidonge vya kila siku, kwa wengi wiki 12, huponya zaidi ya watu 95 katika kila 100. Homa ya ini B, ya kirusi kingine, ikiwa sugu ndiyo ambayo dawa kwa kawaida huituliza bila kuimaliza, ila B ina chanjo na C haina. Hata "homa" isikupoteze: wengi hukaa miaka bila homa wala macho ya njano, huku ini linaota makovu.

Kipimo cha kwanza nacho hutafsiriwa vibaya. Kinatafuta kingamwili, alama kwamba kirusi aliwahi kuingia. Katika watu 100 walioambukizwa, 15 hadi 45 mwili humfukuza wenyewe ndani ya miezi sita, lakini alama inabaki. Kinachothibitisha ugonjwa ni kipimo cha pili, kinachomtafuta kirusi mwenyewe. Hicho hurudiwa wiki 12 baada ya dawa kwisha. Asipoonekana, mtu amepona, ingawa anaweza kuambukizwa upya. Mwenye makovu makubwa huendelea na ultrasaundi kila miezi sita, kuwahi saratani ya ini.

Yule mama nilimsubiri amalize kuhudumia wateja, nikamwambia taratibu: "Mama, sugu hapo wanasema kirusi amekaa sana, hawasemi hatoki. Mdogo wako arudi aulize kama kile kipimo cha pili kimefanyika. Wembe na mswaki asichangie na mtu. Ugali kuleni sahani moja."