Kontroldi tenansi ni nini? Duka bila agrimenti na haki zako ukizozana na landilodi

"Wewe huna agrimenti na mimi, kwa hivyo mwisho wa mwezi funga uende." Hayo maneno yamefukuza watu wengi sana Nyamakima, Eastleigh, Mwembe Tayari na hata kwa zile senta ndogo za mashambani, na ubaya ni kwamba mwenye duka huyaamini, anapakia stoku yake usiku anaondoka, kumbe sheria ya Kenya inasema karibu kinyume kabisa. Kama unafanya biashara kwa jengo la mtu na hakuna kitu mliandikiana, hapo ndio sheria imekushika mkono zaidi.

Huo ulinzi ndio unaitwa upangaji unaodhibitiwa, au vile maloya husema, kontroldi tenansi. Umetoka kwa sheria ya 1965, Sura ya 301, inayohusu maduka, hoteli na mahali pa kuuza chakula. Haimaanishi ati serikali ndio hupanga renti ya kila duka, hapana. Maana yake ni kwamba landilodi hawezi kukutoa, kukuongezea renti wala kubadilisha masharti yakuumize kwa kuamka tu asubuhi na kuamua, kuna njia moja ameandikiwa aifuate, na wewe ukikataa basi sio yeye anaamua tena, ni tribunali ya renti za majengo ya biashara, ile watu huita BPRT.

Sasa ni upangaji gani unaingia hapo? Wa kwanza ni ule haukuandikwa popote, mlikubaliana kwa mdomo ukalipa dipoziti ukapewa funguo. Halafu ule umeandikwa lakini muda wake hauzidi miaka mitano. Na hata kama umeandikwa miaka kumi, ikiwa ndani kuna kipengele kinaruhusu mmoja wenu kuuvunja kabla ya miaka mitano kuisha bila mwenzake kukosea chochote, huo pia ni kontroldi. Ndio maana utaona landilodi wakubwa wenye maloya wanakuletea lisi, yaani mkataba wa kupanga, ya miaka mitano na miezi mitatu, au miaka sita kamili, na wewe unafurahi ati umepewa muda mrefu. Ile miezi mitatu sio zawadi bana, ni ya kukutoa kwa mkono wa hio sheria, ukisaini basi mengi yanafuata vile karatasi inasema. Sisemi usisaini, kuna watu lisi ndefu inawafaa hasa ukiwa umeweka pesa nyingi kwa kutengeneza mahali, lakini jua umeuza nini.

Na usidhani "duka" ni kuuza unga na sukari peke yake. Sheria inahesabu jengo lolote linalotumika zaidi kwa kuuza vitu, rejareja ama jumla, au kutoa huduma kwa pesa. Saluni, kinyozi, saiba, fundi wa simu, kliniki ya mtu binafsi, wote wamo. Kibanda cha chapo na madondo ambapo watu wanakaa wakala pia kimo, kwa upande wa mahali pa chakula.

Tuje kwa notisi, juu hapa ndio vita nyingi huamuliwa. Landilodi akitaka utoke ama renti ipande, lazima akupe notisi kwa fomu ile maalum ya hio sheria, aandike sababu, na isianze kufanya kazi kabla ya miezi miwili tangu uipokee. Meseji ya WhatsApp, keateka, yule mtunza jengo, kukupigia kelele, barua ya mwezi mmoja, hata barua nzuri ya loya ikiwa haijafuata ile fomu, kisheria hizo zote hazina nguvu ya kukutoa. Sababu nazo sio zozote anazotaka, zimetajwa, na zile hutumika sana ni hizi: umekaa miezi miwili na renti haijalipwa ama unachelewesha kila mara, umeharibu jengo kwa kutolitunza vile mlikubaliana, umevunja masharti vibaya, anataka kubomoa ama kujenga upya na hakuna vile atafanya ukiwa ndani, au anataka kutumia hapo yeye mwenyewe kwa muda usiopungua mwaka mmoja.

Hio ya mwisho ndio hutumiwa sana jengo likiuzwa. Landilodi mpya anakuja na mashati safi anasema hapa nataka kuweka biashara yangu. Sheria iliona hilo mapema, mtu aliyenunua jengo likiwa na wapangaji wa aina hii hawezi kutumia hio sababu kabla miaka mitano tangu anunue haijapita. Na yule wa kubomoa, maneno matupu hayatoshi, ataulizwa plani zake zimepitishwa wapi.

Ukipokea notisi ya kweli, usikae nayo kwa droo. Unatakiwa umjibu kwa maandishi ndani ya mwezi mmoja kama unakubali au unakataa, na ukikataa upeleke kesi tribunali kabla ya ile tarehe imeandikwa kwa notisi. Ukishapeleka, notisi inalala hapo hapo mpaka iamuliwe. Usipopeleka, tarehe ikifika inaanza kufanya kazi na hata kama sababu zake zilikuwa za uongo utakuwa umechelewa. Nimeona watu wakimaliza hio miezi miwili kwa chifu, kwa mzee wa mtaa, kwa polisi, kila mahali isipokuwa pale panapohusika.

Lakini je, landilodi akisema hakujui kabisa? Ama aseme ulikuwa wa mwezi mmoja tu, ama renti tulikubaliana elfu thelathini na wewe unasema ishirini? Tribunali ina mamlaka ya kuamua kwanza kama huo upangaji ni kontroldi ama sio, na kwa kukosa karatasi ushahidi ni mwenendo wenu. Meseji za M-Pesa za kila mwezi zenye kiasi kile kile ni dhahabu. Risiti za kitabu, pameti ya biashara yenye namba ya jengo, zile meseji za keateka za "leo ni tarehe tano", picha, jirani wa duka la kando. Kwa hivyo kulipa renti kwa keshi bila risiti ni kujinyima ushahidi mwenyewe, na kama landilodi ni wa zile "nipee tu mkononi", mtumie meseji baadaye: nimekupa renti ya Machi, shilingi kadhaa. Akijibu sawa, umemaliza.

Kuna ujanja mwingine, anakataa kupokea renti halafu baada ya miezi miwili anasema hulipi. Weka ushahidi kwamba ulijaribu kutuma, na ukienda tribunali iambie mapema ili iagize ilipwe kwa njia gani. Usiache kulipa ati kwa sababu mko na kesi! Hapo ndio wapangaji wengi hujichoma, na tuseme ukweli, kuna wengine hujificha nyuma ya oda ya tribunali mwaka mzima bila kulipa shilingi, landilodi naye ana mkopo wa benki.

Akiweka kufuli yake juu ya yako, akikata stima ama maji, ama aite okshonia, yule dalali wa kunadi mali, unaweza kupeleka malalamiko hapo hapo tribunali hata kama hakuna notisi imetolewa, ina nguvu ya kuchunguza na kutoa oda. Kuruhusu mali yako ishikwe kwa ajili ya renti pia ni kati ya mamlaka ya tribunali, sio uamuzi wa landilodi na vijana wake. Asiyeridhika na uamuzi ana siku 30 za kukata rufaa kwa Mahakama ya Mazingira na Ardhi.

Nyumba ya kulala ni hadithi tofauti. Hio ina sheria yake, Sura ya 296, lakini inagusa zile za renti isiyozidi shilingi 2,500 kwa mwezi, na niambie ni bedsita gani ya Nairobi iko hapo. Waliobaki wanategemea Sheria ya Ardhi ya 2012: kama hamkuandikiana muda, mnahesabiwa mnakaa kwa kipindi kile mnalipia, ukilipa kwa mwezi basi notisi ni angalau mwezi mmoja na iishie siku ya kulipa renti.

Na kama landilodi wako ni kaunti ama serikali, kwa mfano stoli ya soko la kaunti, hayo ya Sura ya 301 hayakuhusu, sheria yenyewe imewatoa, kwa hivyo usipoteze nauli kwenda BPRT, tafuta loya akuelekeze kortini.