Kampuni za teknolojia: yanayosemwa kijiweni na yanayomkuta mfanyakazi

Kijana akipata kazi kwenye kampuni ya teknolojia, habari husambaa mtaani kuliko za posa. Ameukata. Watu wanawaza mshahara wa dola, kiti cha kuzunguka na bosi anayevaa fulana na raba. Mengine ni kweli. Lakini waulize waliokaa ndani miaka miwili mitatu: kinachoamua kama utalala usingizi si jina lililo kwenye kitambulisho, ni yule mmoja unayeripoti kwake, pamoja na karatasi uliyoitia saini siku ya kwanza. Dhana zinazofuata zinazidi kuzunguka, na baadhi zinawagharimu watu.

Dhana: Chakula cha bure na meza ya pool ni dalili ya mahali pazuri pa kazi

Ni dalili kwamba kampuni ina pesa, kwa sasa. Ukitaka kuijua vizuri, tazama saa ya kupakua chakula cha jioni. Kama sahani zinatoka saa moja na nusu usiku, na teksi ya kampuni ya kurudi nyumbani inaruhusiwa kuanzia saa tatu tu, huo si ukarimu. Hiyo ni ratiba ya kazi iliyowekewa mchuzi. Na hali ya fedha ikibana, juisi na matunda ndivyo vinavyokatwa mwanzo.

Dhana: Kule hakuna mabosi, wote ni sawa

Huku kwetu, ambako mtu mzima anaamkiwa shikamoo hata kama ni mlinzi wa getini, kuambiwa umwite mkurugenzi kwa jina lake tupu kunaonekana kama vyeo vimefutwa. Havijafutwa. Uliza nani anaidhinisha likizo yako na nani anaingia chumbani siku ya kugawa bonasi, utavikuta vilipo.

Google waliwahi kujaribu kweli. Mwaka 2002 waliondoa mameneja wa wahandisi, wakiamini mhandisi mzuri hahitaji msimamizi. Jaribio lilidumu miezi michache tu. Watu walianza kumwendea Larry Page, mmoja wa waanzilishi, wakiwa na madai yao ya marejesho ya matumizi na ugomvi wao wa ofisini. Miaka kadhaa baadaye kampuni hiyohiyo ikafanya uchunguzi wa ndani ulioitwa Project Oxygen, ikipekua tathmini na maoni ya wafanyakazi ili kuona kama meneja ana faida yoyote. Ikakuta anayo, tena kubwa. Zikaorodheshwa tabia 8 za meneja mzuri. Ya kwanza ni kuwalea na kuwanoa walio chini yake. Ujuzi wa kiufundi uliangukia namba 8.

Hapo kwenye namba 8 ndipo wengi wetu tunapokunja uso. Bado kampuni nyingi, za huko na za hapa, humpandisha cheo mwandika programu hodari awe meneja kwa sababu tu ni hodari. Matokeo yake timu inampoteza mwandika programu, na meneja wenyewe hawampati.

Dhana: Tathmini ya alama ina haki, kwa sababu namba hazina upendeleo

Hii ndiyo dhana iliyoumiza watu wengi zaidi kimyakimya. Kwa miaka mingi Microsoft ilikuwa na utaratibu wa kuwapanga wafanyakazi kwa viwango. Chukua timu ya watu 10. Kabla kazi yenyewe haijafanyika, inajulikana kwamba wawili watapata alama za juu, saba watakaa katikati, na mmoja atashika mkia. Hata kama wote 10 wamefanya kazi ya kupigiwa makofi, mmoja lazima ashike mkia, na mkia una maana yake kwenye bonasi na kwenye kazi yenyewe.

Waliopitia utaratibu ule wamesimulia ulichozaa. Mahodari walikwepa kupangwa timu moja na mahodari wenzao, maana nani anataka kushindana na watu wa aina hiyo? Mtu alimsaidia mwenzake, lakini si kwa moyo wote. Alibakiza kidogo kifuani. Mafanikio yalipimwa kwa kumzidi jirani wa meza ya pili, huku bidhaa za kampuni nyingine zikiwapita wote. Novemba 2013 utaratibu ukafutwa, na aliyekuwa mkuu wa rasilimali watu, Lisa Brummel, ndiye aliyewaandikia wafanyakazi kuwaarifu. Februari 2014 Satya Nadella akashika uongozi wa kampuni.

Usidhani yaliishia Redmond, yaliko makao makuu ya Microsoft. Huku kwetu jambo hilohilo lipo, ila halina jina. Bajeti ya nyongeza imeshafungwa makao makuu. Meneja kaambiwa nafasi ya "bora sana" ni moja kwa timu nzima, na mwaka huu kaahidiwa fulani. Kisha anakaa na wewe saa nzima akitafuta sababu za alama aliyopewa akupe: "Tungependa kukuona ukijitokeza zaidi." Ukisikia sentensi hiyo, muulize swali moja kwa adabu: je, alama za watu wa timu yetu zilikuwa na kiwango cha juu kilichopangwa mapema? Asipojibu, ameshajibu.

Dhana: Ukiharibu mfumo, kesho usije

Inategemea umeharibia wapi. Tarehe 31 Januari 2017, usiku, mhandisi mmoja wa GitLab, kampuni inayowahifadhia waandika programu kazi zao mtandaoni, alikuwa anahangaika na seva mbili za hifadhidata: kuu, na ile ya akiba inayonakili kutoka kwa kuu. Ya akiba ilikuwa imebaki nyuma. Akaamua kufuta data iliyomo ili ianze kunakili upya. Akaandika amri ya kufuta, akabonyeza. Sekunde moja au mbili baadaye akashtuka: dirisha alilokuwa amefungua lilikuwa la seva kuu. Akaikatiza amri. Kati ya takriban gigabaiti 300, zilikuwa zimebaki kama 4.5.

Wakakimbilia nakala za akiba. Kulikuwa na njia tano za kuhifadhi nakala, na hakuna hata moja iliyokuwa inafanya kazi ipasavyo. Mojawapo ilikuwa ikishindwa kila siku kwa sababu ya toleo lisilolingana la programu, na barua pepe za kutoa tahadhari zilikuwa zikikataliwa njiani, kwa hiyo hakuna aliyejua. Kilichowaokoa ni nakala aliyoichukua mhandisi huyohuyo kwa mkono wake, kama saa sita kabla, kwa shughuli nyingine kabisa. Data ya saa hizo sita ikapotea.

Mhandisi hakufukuzwa. Kampuni ilifungua hadharani kumbukumbu za kazi ya uokoaji, ikarusha moja kwa moja YouTube watu wake wakihangaika, kisha ikaandika ripoti ndefu. Ripoti haikukaa kwenye "nani". Ilikaa kwenye maswali mengine: kwa nini ni rahisi hivyo kuchanganya seva mbili, kwa nini nakala hazikuwahi kujaribiwa, na kwa nini hakuna aliyepewa jukumu la kuzikagua.

Linganisha na kundi la WhatsApp la ofisi, saa nane usiku, mfumo wa malipo umelala, na ujumbe wa kwanza wa mkurugenzi ni: "NANI KAFANYA HIVI?" Mahali kama hapo kesho yake watu hawapunguzi kuharibu. Wanaficha vizuri zaidi. Google walipochunguza zaidi ya timu 180 katika mradi walioupa jina Aristotle, jambo lililotenganisha timu bora na nyingine kuliko yote halikuwa akili za wanatimu wala shule walizosoma. Lilikuwa kama mtu anaweza kuuliza swali la kijinga au kusema "nimekosea" bila kuchekwa wala kuadhibiwa.

Dhana: Rasilimali watu wapo kwa ajili ya kukutetea

Wapo kwa ajili ya kampuni. Wengi wao ni watu wema, na mara nyingi masilahi ya kampuni na yako yanakwenda pamoja. Tatizo huja siku yakiachana njia.

Februari 2017 mhandisi Susan Fowler aliandika hadharani juu ya mwaka wake ndani ya Uber. Siku yake ya kwanza kwenye timu, meneja alimtumia ujumbe wa kumtaka kimapenzi. Akapiga picha ujumbe ule, akaupeleka rasilimali watu. Akajibiwa kwamba ni kosa la kwanza la bwana yule, na kwamba ni mchapakazi hodari. Baadaye akakutana na wanawake wengine waliowahi kumlalamikia mtu huyohuyo, nao wakaambiwa ni kosa la kwanza. Maandishi yale yalileta uchunguzi; watu zaidi ya 20 wakafukuzwa, na Juni mwaka huohuo mkurugenzi mkuu Travis Kalanick akajiuzulu.

Kilichomsaidia Fowler ni kwamba alikuwa na maandishi. Malalamiko ya mdomo kwenye korido hayana tarehe.

Dhana: Sisi hapa ni familia

Januari 2023 Google ilitangaza kuwapunguza watu 12,000, na wapo waliojua baada ya akaunti zao kukataa kufunguka. Miezi miwili kabla, wafanyakazi wa Twitter mjini Accra walipunguzwa siku chache tu baada ya kuanza kutumia ofisi yao. Shangazi hakufungii akaunti.

Badala ya familia, shika sheria. Tanzania mwajiri anayetaka kupunguza watu anatakiwa kutoa taarifa, kueleza sababu na kushauriana kabla ya kuamua. Aliyefanya kazi angalau miezi 12 mfululizo ana haki ya kiinua mgongo kisichopungua mshahara wa msingi wa siku 7 kwa kila mwaka aliomaliza, hadi miaka 10. Ukiona umeonewa, mlango ni Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Kenya ni angalau siku 15 kwa kila mwaka.

Na zile "likizo zisizo na kikomo" zinazoletwa na kampuni za kigeni zisikulevye. Sheria ya Tanzania inakupa siku 28 za mwaka, ya Kenya siku 21 za kazi. Siku zenye idadi zinadaika. Zisizo na idadi, kila ukizitaka utaangalia kwanza meneja wako mwenyewe anachukua ngapi.

Dhana: Kazi ya teknolojia ni ya wahandisi, tena inafanyika Marekani

Sehemu ngumu zaidi ya kazi hiyo imefanyika Nairobi. Kuanzia mwaka 2019, vijana kutoka nchi mbalimbali za Afrika waliajiriwa na kampuni ya Sama kukagua maudhui ya Facebook: video za mauaji, ubakaji, watoto wakiteswa, zamu baada ya zamu, ili wewe na mimi tusizione. Februari 2022 jarida la Time liliripoti kwamba baadhi yao walikuwa wakipata takriban dola 1.50 kwa saa. Januari 2023 likaripoti tena kuhusu vijana wa Kenya waliosoma na kuainisha maandishi ya kutisha kwa ajili ya OpenAI, kampuni iliyotengeneza ChatGPT, kwa malipo ya chini ya dola 2 kwa saa.

Daniel Motaung, raia wa Afrika Kusini na mmoja wa wakaguzi wa Sama, alijaribu kuwaunganisha wenzake wadai haki, akafukuzwa. Mei 2022 akafungua kesi Nairobi dhidi ya Sama na Meta, kampuni inayomiliki Facebook. Mwaka uliofuata, Sama ilipoachana na kazi ile, wakaguzi zaidi ya 180 wakaenda mahakamani wakilalamikia kuachishwa kwao. Tarehe 1 Mei 2023 wakaguzi zaidi ya 150 walikutana Nairobi wakapiga kura ya kuunda chama chao. Desemba 2024 ikajulikana kwamba zaidi ya 140 kati yao wamekutwa na madhara makubwa ya kiakili yatokanayo na kiwewe, baada ya kupimwa na daktari wa Hospitali ya Taifa ya Kenyatta.

Hoja ya Meta tangu mwanzo ilikuwa kwamba yenyewe siyo mwajiri wa watu hawa, na kwamba haiwezi kushitakiwa Kenya. Septemba 2024 Mahakama ya Rufani ilikataa: kesi zinaweza kusikilizwa Kenya. Kwa hiyo ukipewa mkataba wa kufanyia kazi jina kubwa kupitia kampuni nyingine, teremka hadi mwisho wa karatasi usome nani hasa anatia saini, nani analipia matibabu ukiugua kwa sababu ya kazi yenyewe, na ugomvi ukitokea utaamuliwa mji gani.