Viza ya Schengen ya Muda Mfupi: Maana Yake na Namna Siku 90 Zinavyohesabiwa

Viza ya Schengen ya muda mfupi, ambayo hutambulishwa kwa herufi C, ni ruhusa ya kukaa katika eneo la nchi 29 za Ulaya kwa muda usiozidi siku 90 ndani ya kipindi chochote cha siku 180. Hutolewa kwa anayekwenda kutalii, kusalimia ndugu, kuhudhuria mkutano au maonyesho ya biashara, kutibiwa, au kusoma kozi fupi. Haimruhusu mtu kuhamia huko, na peke yake haimpi haki ya kuajiriwa. Anayekwenda kusomea shahada au kufanya kazi kwa mwaka mzima huomba viza ya herufi D, ambayo kila nchi huitoa kwa sheria zake.

Jina limetokana na kijiji cha Schengen nchini Luxembourg, ambako tarehe 14 Juni 1985 Ubelgiji, Ufaransa, Ujerumani Magharibi, Luxembourg na Uholanzi zilitia saini, ndani ya meli iliyokuwa katika mto Moselle, mkataba wa kuondoa ukaguzi kwenye mipaka yao. Utekelezaji wenyewe ulianza tarehe 26 Machi 1995. Kwa kuwa msafiri akishaingia nchi moja anaweza kuvuka hadi nyingine bila kukaguliwa kwa kawaida, ilibidi nchi hizo zikubaliane pia juu ya viza moja inayotambuliwa na zote.

Eneo la Schengen na Umoja wa Ulaya si kitu kimoja, ingawa wengi huvichanganya. Uswisi, Norway, Iceland na Liechtenstein zimo katika Schengen bila kuwa wanachama wa Umoja wa Ulaya, ilhali Ireland na Cyprus ni wanachama wa Umoja huo lakini hazimo katika Schengen. Bulgaria na Romania zilikamilisha kuingia tarehe 1 Januari 2025. Uingereza haikuwahi kuwamo, na kwa hiyo msafiri aliyefika Paris kwa viza hii, kisha akataka kupanda treni ya kwenda London, atazuiwa palepale stesheni, kwa kuwa maofisa wa Uingereza hukagua pasipoti upande wa Ufaransa kabla treni haijaondoka.

Raia wa Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi na Kongo wote wanahitaji viza hii. Majirani zetu wa Shelisheli na Mauritius hawaihitaji kwa ziara fupi, lakini kanuni ya siku 90 inawabana vilevile. Raia wa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ana mzigo wa ziada: hata akiwa anabadilisha ndege tu bila kutoka nje ya uwanja, kwa kawaida hutakiwa kuwa na viza ya kupita uwanjani, yenye herufi A.

Sehemu inayowatatiza watu zaidi ni hesabu ya siku. Tuchukue kibandiko cha viza kilichobandikwa kwenye pasipoti: kimeandikwa kwamba kinatumika kuanzia 1 Julai hadi 5 Agosti, muda wa kukaa ni siku 21, na idadi ya kuingia ni 01. Anayekisoma haraka huona siku 36 na kuzifurahia zote. Ukweli ni kwamba amepewa siku 21 tu, na hizo 15 zilizozidi ni nafasi ya kusogeza safari endapo ndege itabadilishwa au shughuli itaahirishwa. Akiingia 3 Julai, siku yake ya mwisho ni 23 Julai, kwa sababu siku ya kuingia na siku ya kutoka zote huhesabiwa. Akichelewa akaingia 20 Julai, hatazipata siku 21 kamili, kwani 5 Agosti viza itakuwa imekwisha. Nayo ile 01 ina maana kwamba akishatoka nje ya eneo hilo, hata kwa siku moja, harudi tena kwa viza hiyohiyo.

Mwenye viza ya kuingia mara nyingi ana hesabu nyingine. Kipindi cha siku 180 hakianzi Januari wala siku ya safari ya kwanza. Ni dirisha linalosogea kila siku, na kila siku unayokuwa Ulaya hutazamwa siku 180 zinazoishia siku hiyo. Mfanyabiashara aliyekaa Ujerumani kuanzia 10 Januari hadi 10 Machi 2025 ametumia siku 60. Akirudi 1 Juni, siku zote 60 bado zimo ndani ya dirisha, kwa hiyo amebakiwa na 30, na lazima awe ametoka ifikapo 30 Juni. Angesubiri hadi 9 Julai, siku zake za Januari zingeanza kudondoka moja baada ya nyingine na angepata kukaa muda mrefu zaidi. Zamani makosa ya namna hii yaligunduliwa kwa kukagua mihuri kwenye kurasa za pasipoti, kazi iliyotegemea macho ya ofisa. Tarehe 12 Oktoba 2025 ulianza mfumo wa kielektroniki wa kusajili kuingia na kutoka, na sasa hesabu hiyo inafanywa na kompyuta.

Maombi hupelekwa kwa nchi ambayo ndiyo lengo kuu la safari, au atakakokaa siku nyingi zaidi. Siku zikilingana, hupelekwa kwa nchi atakayoingilia. Kuomba kwenye ubalozi unaosemekana kuwa mwepesi huku safari yenyewe ikielekea kwingine ni kujitafutia matatizo, maana bukingi za hoteli na tiketi humsema mwombaji. Maombi hupokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari na kwa kawaida si chini ya siku 15 kabla yake. Ada imekuwa euro 90 kwa mtu mzima tangu 11 Juni 2024, na 45 kwa mtoto wa miaka sita hadi asiyetimiza 12. Hairudishwi viza ikikataliwa. Ada ya huduma ya kituo cha kupokea maombi, pale kinapotumika, hulipwa mbali. Uamuzi hutolewa ndani ya siku 15, lakini unaweza kufika siku 45.

Baadhi ya masharti hayana mjadala: pasipoti iliyotolewa ndani ya miaka 10 iliyopita, itakayobaki hai miezi mitatu baada ya kutoka Ulaya, bima ya safari isiyopungua euro 30,000, na alama za vidole, ambazo zikishachukuliwa zinaweza kutumika tena kwa miezi 59. Uzito wa faili uko kwingine. Ofisa anataka kujua mwombaji anakwenda kufanya nini, nani anagharimia, na kwa nini atarudi. Barua ya mwajiri inayotaja cheo, mshahara na tarehe za likizo hujibu mengi kwa ukurasa mmoja. Mwenye duka huonyesha leseni ya biashara na karatasi za kodi. Taarifa ya benki nayo ina lugha yake: mshahara unaoingia tarehe 25 kila mwezi na kutolewa kidogokidogo humtambulisha mtu vizuri kuliko akaunti iliyokuwa tupu miezi mitano, kisha ikawekewa milioni kumi wiki moja kabla ya kuomba. Fedha za kuazima kwa ndugu huonekana, na kwa maoni yangu ni heri ndugu huyo ajitokeze wazi kama mfadhili, kwa barua yake na taarifa yake ya benki.

Viza ikikataliwa, mwombaji hupewa fomu yenye sababu zilizowekewa alama. Inayowaumiza wengi ni ile inayosema kwamba kuna shaka ya msingi juu ya nia ya kuondoka kabla viza haijaisha, kwa sababu haitaji karatasi gani iliyokosekana. Rufaa inaruhusiwa, nayo hukatwa dhidi ya nchi iliyofanya uamuzi na kwa taratibu za nchi hiyo, zilizoelezwa kwenye fomu yenyewe. Kuomba upya pia kunaruhusiwa wakati wowote, kwa ada mpya, na kunafaa zaidi pale ambapo mwombaji ana ushahidi ambao faili la kwanza halikuwa nao.