Je, Wajua Kwa Nini Jina la .com.au Haliuzwi kwa Kila Mtu?

Ukiwa na simu na kadi ya benki, jina la tovuti linaloishia na .com unalipata kabla chai haijapoa. La .tv vivyo hivyo, ingawa herufi hizo mbili ni za Tuvalu, nchi ya visiwa vidogo vya Pasifiki ambayo haitajali kama umewahi kuisikia. Sasa jaribu kuomba .com.au ukiwa Tanga au Kisumu. Utajaza jina, barua pepe na anwani, kisha fomu itadai namba ya biashara iliyosajiliwa Australia. Kama huna, umeishia hapo, hata ukiwa tayari kulipa mara kumi ya bei.

Si hitilafu ya mtambo. Uamuzi huo ulipitishwa kwa makusudi, na mizizi yake inarudi karibu miaka 40 nyuma.

Kikoa cha .au, yaani eneo la majina yote ya tovuti yanayoishia na herufi hizo, kilikabidhiwa rasmi Machi 1986. Zama hizo kikoa cha nchi hakikuwa mali wala biashara. Jon Postel, Mmarekani aliyekuwa akitunza orodha kuu ya majina ya intaneti, alikuwa akitafuta mtu wa kuaminika katika kila nchi na kumwachia kazi. Kwa Australia alimpata Robert Elz, mtaalamu wa kompyuta wa Chuo Kikuu cha Melbourne, ambaye aliifanya kwa kujitolea. Elz huyohuyo ndiye aliyekuwa upande wa Melbourne usiku wa tarehe 23 Juni 1989, huku Torben Nielsen akiwa upande wa Chuo Kikuu cha Hawaii, Australia ilipounganishwa na intaneti moja kwa moja kwa njia ya setilaiti. Kasi ilikuwa kilobiti 56 kwa sekunde, kwa vyuo vya nchi nzima. Picha moja ya kawaida ya WhatsApp ingeishika njia yote hiyo kwa karibu nusu dakika.

Kila jina lilikuwa na fungu lake: com.au kwa biashara, edu.au kwa elimu, gov.au kwa serikali, org.au kwa mashirika yasiyo ya faida, id.au kwa watu binafsi. Mafungu makuu yalifuata mtindo wa Marekani. Sisi wa co.ke, co.tz na co.ug tumefuata ule wa Uingereza, ndiyo maana com.au hutuchanganya kidogo machoni.

Kanuni za com.au zilikuwa kali kweli. Jina la kikoa lilipaswa kutokana na jina la biashara lililosajiliwa kisheria, na kila biashara ilipata moja tu. Maneno ya kawaida kama “maua” au “bima” hayakutolewa kwa yeyote, wala majina ya miji. Wakati Marekani watu walikuwa wakinyakua .com kwa mamia ili waziuze baadaye kwa bei ya kuruka, mlanguzi wa Sydney hakuwa na pa kuanzia.

Lakini kazi ya mtu mmoja ina mwisho. Kufikia 1996 maombi ya com.au yalikuwa mengi kiasi kwamba Elz aliikabidhi kwa leseni Melbourne IT, kampuni ya chuo chake. Huduma ya kujitolea ikawa ya kulipia. Desemba 1999 chuo kikauza hisa za kampuni hiyo kwenye soko la hisa kwa dola 2.20 za Australia kila moja, na siku ya kwanza tu bei ikapanda zaidi ya mara tatu. Walionunua mapema walichekelea. Wengine waliuliza chuo cha umma kimewezaje kuuza kitu kwa bei ya kutupa namna ile.

Hapo serikali ikaona mambo haya hayawezi kubaki mikononi mwa mtu mmoja, hata awe mwadilifu vipi. Chombo kipya kisicho cha faida, auDA, kilikuwa kimeundwa 1999, na serikali ikakiunga mkono. Elz hakukubali kuachia. Mwaka 2001 ICANN, shirika linalosimamia majina ya intaneti duniani, liliihamisha .au kwenda auDA bila ridhaa yake. Kwangu mimi hiki ndicho kipande kizito kuliko vyote katika historia hii. Ilidhihirika kwamba serikali ya nchi ikisema neno, uaminifu wa zamani kati ya wahandisi wawili hausimami.

auDA ilizilegeza kanuni. Kuanzia 2002 biashara iliruhusiwa kuwa na majina mengi, na maneno ya kawaida yakapigwa mnada. Majina ya miji yalifuata 2005. Sharti moja halikuguswa: lazima uwe na mguu Australia. Uwe raia, au mkazi mwenye viza ya kudumu, au kampuni iliyosajiliwa huko. Kwa hiyo Mkongomani aliyehamia Australia kama mkimbizi kwa viza ya kudumu anaweza kuomba id.au siku hiyohiyo, wakati mwanafunzi kutoka Nairobi mwenye viza ya masomo pekee hawezi. Kuna mlango mmoja kwa walio nje, nao ni alama ya biashara iliyosajiliwa au kuombwa Australia. Tangu kanuni za Aprili 2021, anayepitia mlango huo lazima jina la kikoa lilingane na maneno ya alama yake. Muuza kahawa wa Moshi aliyesajili huko alama ya “Kahawa Bora” anaweza kupata kahawabora.com.au. Hawezi kuchukua kahawa.com.au.

Unaweza kulishuhudia sharti hili mwenyewe. Tafuta kikoa chochote cha com.au kwenye daftari la wazi la WHOIS, na chini ya jina la msajili, yaani kampuni iliyouza jina hilo, utaona jina la kisheria la mwenye leseni, namba yake ya biashara au ya kampuni, na aina ya sifa iliyomstahilisha. Ukifanya hivyo kwa .com mara nyingi utaona tu kwamba taarifa zimefichwa. Kwa miaka mingi daftari la Australia lilificha kitu kingine, tarehe za kuanza na kuisha kwa leseni. Sababu ni matapeli waliokuwa wakizisoma na kutuma barua zinazofanana na ankara, mwenye duka alipe akidhani anahuisha jina lake. Mwaka 2004 Mahakama ya Shirikisho iliamua dhidi ya kampuni moja iliyosambaza barua zenye sura ya ankara kwa wafanyabiashara.

Nimeandika “mwenye leseni” kwa makusudi. Kikoa cha .au hakimilikiwi, hutolewa kwa kipindi cha mwaka mmoja hadi mitano. Kampuni ikifutwa na sifa ikipotea, jina nalo linaweza kuondoka.

Kichekesho ni kwamba Australia hiyohiyo ina maeneo ya mbali ambayo vikoa vyake viko wazi kwa dunia nzima. Visiwa vya Cocos, vyenye wakazi takriban 600, vina .cc, na mtu wa Tanga anaweza kuipata leo. Hata visiwa vya Heard na McDonald vina .hm yao, na huko haishi mtu yeyote, ni pengwini, sili na volkano tu. Ndivyo hivyo vilivyochekesha dunia mwaka 2025 Marekani ilipovitaja kwenye orodha yake ya ushuru.

Mtihani mkubwa ulikuja 24 Machi 2022, auDA iliporuhusu majina mafupi yanayoishia na .au peke yake, bila com wala net katikati. Fikiria waokaji wawili, wa Perth mwenye mkate.com.au na wa Brisbane mwenye mkate.net.au. Nani apewe mkate.au? Walipewa hadi 20 Septemba 2022 kuomba kwa kipaumbele. Kama leseni ya mmoja ilianza kabla au siku ya 4 Februari 2018 na ya mwenzake baada ya hapo, wa zamani anashinda. Kama wote ni wa zamani, wazungumze. Wasipoelewana, jina linafungwa, hakuna anayelitumia, na kila mmoja hulipia upya ombi lake mwaka hadi mwaka.

Wafanyabiashara wengi hawakuwa hata na habari. Bruce Billson, mtetezi rasmi wa biashara ndogo, aliomba muda uongezwe. Kituo cha taifa cha usalama wa mtandao nacho kiliwahimiza watu wachukue majina yao upesi kabla wahalifu hawajayawahi, ushauri wa busara, isipokuwa kwamba hatari yenyewe ilitokana na mlango uliofunguliwa na msimamizi wa .au. Mwenye duka alijikuta akilipia majina mawili kulinda alichokuwa akikilinda kwa moja. Muda haukuongezwa kwa waliokuwa na haki ya kipaumbele. Mwanzoni mwa Oktoba majina yasiyoombwa yalifunguliwa kwa yeyote mwenye sifa.

Waokaji wetu wawili wana njia tatu. Mmoja amuuzie mwenzake haki yake, au aondoe ombi, au asahau kulilipia mwaka mmoja. Wa tatu, aliyekuwa akilitamani jina hilohilo tangu mwanzo, haruhusiwi hata kupanga foleni.