Mchicha wa chukuchuku na dhana nyingine kuhusu vitamini A, D, E na K

Mama alipoambiwa ana presha, kitu cha kwanza kuondoka jikoni kilikuwa chupa ya mafuta. Tangu siku hiyo mchicha wetu ukawa wa chukuchuku: maji, kitunguu, basi. Nilipouliza akanijibu, "Mboga ni dawa, mwanangu, mafuta ndiyo yanayoua."

Dhana: mboga isiyo na mafuta kabisa ndiyo bora kuliko zote

Mchicha, matembele, kisamvu, karoti, boga na viazi lishe vina karotini, ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A. Karotini haiyeyuki kwenye maji, huyeyuka kwenye mafuta. Utumbo usipopata mafuta kidogo ya kuibeba, sehemu kubwa hupita moja kwa moja hadi chooni. Vitamini D, E na K nazo zina tabia hiyohiyo.

Hakuna anayesema mboga ielee kwenye mafuta. Kijiko kimoja cha chai kwa kila mlaji kinatosha. Waliotutangulia walilijua hili jikoni: kisamvu kiliungwa kwa nazi, mchicha kwa karanga, na Kigoma mgebuka ulipikwa kwa mawese. Wekundu wa mawese ni karotini yenyewe, ndiyo maana huniuma kuona mtu akiyachoma kikaangoni mpaka yapauke. Anachokiondoa ndicho alichokinunua. Mama nilimwomba arudishe karanga za kusaga, vijiko viwili vya chakula kwenye sufuria ya watu wanne, na presha yake akaendelea kuilinda kwa kupunguza chumvi na kumeza dawa zake.

Dhana: ukila karoti utatupa miwani

Miwani ya kuona mbali au karibu hurekebisha kasoro inayotokana na umbo la jicho, na karoti haibadilishi umbo hilo. Kazi ya vitamini A ni nyingine: ndiyo inayotengeneza kemikali inayoliwezesha jicho kuona kwenye mwanga hafifu. Mtoto aliyepungukiwa huonekana mzima mchana kutwa, lakini maghribi ikiingia anagonga stuli, anapapasa ukuta, akitumwa chumvi duka la jirani analia. Wakubwa humwita mvivu au mwoga. Jamani, mpelekeni kituo cha afya. Akiachwa, weupe wa jicho hukauka, kisha kioo cha jicho hupata vidonda, na upofu wa hapo haurudi nyuma. Kinga yake pia hushuka, na surua humkuta dhaifu. Ndiyo maana mtoto mwenye surua hupewa vitamini A siku mbili mfululizo.

Dhana: matone ya mara mbili kwa mwaka hayana maana

Yana maana kwa sababu vitamini A huwekwa akiba kwenye ini. Mtoto wa miezi 6 hadi 11 hupewa kipimo cha 100,000 kwa vizio vya kimataifa vya kupimia vitamini (IU), wa mwaka mmoja hadi chini ya miaka mitano hupewa 200,000, na ini humgawia kidogo kidogo kwa miezi kadhaa. Tanzania kazi hii hufanyika Juni na Desemba.

Akiba hiyohiyo ndiyo inayovunja dhana kwamba vitamini haziwezi kumdhuru mtu. Vitamini C ikizidi, nyingi hutoka kwenye mkojo. A na D zikizidi hulundikana. Mjamzito asimeze vidonge vya vitamini A kwa kujiamulia, maana kiasi kikubwa, hasa miezi ya mwanzo, kinaweza kumletea mtoto ulemavu. Karotini ya mboga haina hatari hiyo.

Dhana: matege huletwa na kumbeba mtoto mgongoni au kumsimamisha mapema

Miguu ya watoto wengi hupinda kidogo hadi karibu miaka miwili, kisha hunyooka yenyewe. Matege ya ugonjwa hutokana na upungufu wa vitamini D au wa madini ya kalisi, na dalili zake hazikai miguuni tu: vifundo vya mikono hunenepa, utosi huchelewa kufunga. Jua ndilo chanzo kikuu cha vitamini D, lakini jua lililopita kwenye kioo cha dirisha halifai kitu kwa kazi hii, na la saa moja asubuhi hutoa kidogo mno. Tazama kivuli chako: kikiwa kifupi kuliko wewe, ngozi inaweza kuitengeneza. Kwa kichanga dakika chache zinatosha, kichwa kikiwa kimefunikwa.

Vitamini E sina mengi ya kuiandikia. Karanga na mafuta ya alizeti huitosheleza, na upungufu wake ni nadra.

Dhana: mtoto aliyezaliwa mzima hahitaji sindano ya vitamini K

Herufi K imetoka kwenye neno la Kijerumani la kuganda kwa damu, na Henrik Dam wa Denmark aliyeigundua alipata Tuzo ya Nobel ya mwaka 1943. Kila mtoto huzaliwa na vitamini K kidogo sana, na maziwa ya mama, pamoja na ubora wake wote, hayana ya kutosha. Anaweza kunyonya vizuri na kulala vizuri, kisha damu ikaanza kuvuja kitovuni, au ndani ya ubongo ambako hakuna anayeiona. Kinga yake ni miligramu 1, sindano moja ya paja, mara tu baada ya kuzaliwa. Muuguzi akija nayo wodini, mfungulie mtoto kanga.